Daftari la Maswali

Umeandika: *Wewe ndiye Damasi Likwachala, karani wake?*
Ndiye. Kaa hapo kwenye gunia, kiti kina mguu mbovu.
Andika kwa herufi kubwa, binti, macho nayo yanaaga.
Masikio yaliaga mwaka juzi, bila hata salamu.

Wakati ule nilikuwa mpima korosho pale ushirika, Newala.
Asubuhi mizani, jioni Mwalimu.
Homa ilimlaza, kwinini ikamwamsha kiziwi,
ndipo nyimbo zikamtoka kama kumbikumbi baada ya mvua.
Tukamnunulia madaftari, yale yenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mwenye neno alimwandikia. Yeye alijibu kwa mdomo,
kwa sauti isiyojijua, kuku wakatawanyika.

Basi lijue hili kabla ya mengine:
madaftari yana maswali tu.
Majibu yalikwenda na hewa.
*Kwaya ya Masasi wanauliza, besi waingie wapi?*
Mstari mtupu.
*Umekula?*
Mstari mtupu.
*Askofu kasema wimbo ni mrefu.*
Hapo jibu nalikumbuka, ila si la kuchapa.

Udongo wa kaburi haujakauka, nami nina sura ya kwanza:
Maisha ya Mwalimu Eusebi Nanyanje,
yameandikwa na rafiki yake wa karibu.
Rafiki. Nililiandika, nikalifuta, nikaliandika.
Yeye aliniita "we karani."
Siku moja aliniita kupe, akacheka,
nami nikacheka.

Madaftari yalikuwa arobaini na moja. Umeona kumi na tisa.
Mengine yalipikia ugali wa muhogo.
Usidhani yalikuwa na siri zake. Yalikuwa na zangu.
Mwandiko wa mkewe, umeinama
kama mtu apandishaye maji kutoka bondeni:
*Hesabu za nauli za huyu Damasi mbona hazilingani?*
*Mfukuze.*
Na chini yake, mstari mtupu.
Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile, nimebana pumzi.
Mtu yule, ambaye hata sala yake ilifika sokoni,
siku ile alijibu kwa kunong'ona.

Umeandika: *Ukurasa wa arobaini ni wino wa biki.
Mwaka ule biki zilikuwa hazijafika huku.*

Una macho.
Swali lile nililipachika mimi, miaka saba baada ya mazishi:
*Mwalimu, mapigo ya mwanzo ya wimbo wa Pasaka yalitoka wapi?*
Na kitabuni nikamjibia:
"Malaika aligonga dirisha usiku, mara tatu."
Watoto wa shule walimkariri malaika yule.
Padri alimhubiri.

Ukweli hakuna aliyeuuliza.
Alikuwa kibarazani, miguu mitupu.
Ng'ambo ya ua Bi Nantende anatwanga makopa,
mchi wake mzito, na bintiye akidakia kwa mchi mdogo.
Mwalimu akainua vidole vya miguu, akavishusha,
akainua tena,
akapaza: "Damasi! Ardhi inaimba!"
Akaokota mkaa, akaandika ukutani do, do, sol,
ukuta ukamwishia, akaendelea kwenye mlango.

Niliona haya kwa niaba yake.
Wimbo mkubwa vile, chanzo makopa?
Nikamvika malaika
kama maiti anavyovikwa suti ambayo hakuwahi kuwa nayo.
Bi Nantende amekufa hajui.
Bintiye yupo, anauza vocha karibu na stendi,
na kila Pasaka anaimba sauti ya pili.

Umeandika: *Nitajuaje kama hili nalo si malaika mwingine?*

Hutajua.
Mimi nimejibu kwa mdomo, kalamu iko kwako.
Ila vua viatu kwanza, kanyaga sakafu hapa, karibu na mlango.
Mashine ya kusaga imewashwa kule stendi.
Siku hizi mimi
naisikia huku chini tu.